Siku Niliyomwazima Bosi Gari Nisilonalo

Bosi wangu wa wakati huo hakujua Kiswahili, nami Kiingereza nilikuwa nakijiamini zaidi ya nilivyokijua. Jumamosi nilikuwa na harusi, nikataka aniazime gari. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Kusema "gari lako" niliona ni kukosa adabu, nikaweka gari tu: "Can I lend you a car on Saturday?" Nikaisoma mara tatu. Tahajia safi, alama ya kuuliza ipo. Nikatuma.

Jibu likaja papo hapo. Ameshukuru mno! Gari lake siku hiyo linakwenda gereji, na saa mbili asubuhi atakuwa kwangu.

Mimi nikaelewa kwamba analipeleka gereji kwanza, nikabidhiwe likiwa limeshabadilishwa oili. Nikamwambia mke wangu, "Bosi kama huyu hazaliwi mara mbili."

Saa mbili kamili nipo mlangoni, suti imenyooka, leseni mfukoni. Bosi akatokea kwa miguu, jasho linamtiririka, begi begani. Tukasalimiana. Kimya. Nikanyoosha mkono kupokea funguo. Naye akanyoosha wake. Tukajikuta tumesalimiana tena.

"Funguo?" akauliza.

"Ndiyo, funguo," nikajibu.

Akachungulia nyuma yangu. Palikuwa na baiskeli, tena tairi la mbele halina upepo.

Simu ikatolewa, ujumbe ukasomwa kwa sauti. Kumbe "lend" ni kumpa mtu chako akakitumie. Cha mwenzio ukikitaka wewe, neno ni "borrow". Sasa hapo kosa ni langu? Sisi tuna "azima" moja, inakwenda na kurudi. Ukisema "niazime", iwe unaomba upewe au unaomba ruhusa ya kuchukua, gari linakuja kwako tu. Wenzetu wameweka maneno mawili, na kila moja na kihusishi chake: una-"borrow" kitu "from" mtu, una-"lend" kitu "to" mtu. Ukigeuza, ndiyo unajikuta mfadhili.

Bosi alicheka mpaka akakalia begi lake. Harusini nilifika keki imeshakatwa.

Jioni nikaona nimshukuru kwa subira yake. Subira ni "patience". Mimi, kwa kufuata sikio, nikaandika: "Thank you for your patients."

Akajibu kwamba yeye si daktari, wagonjwa hao nimewaona wapi?