Gogo la Mjomba Lilipokwenda Kuoga Ziwani

Mjomba wangu ana bucha Ndosho, magharibi mwa mji wa Goma, Kongo: kibanda cha mbao juu ya msingi wa mawe meusi ya lava, kama nyumba nyingi za kwetu. Ndani mna ndoano nne, mizani moja, na gogo. Gogo ndilo mwenye bucha. Sisi wengine tulikuwa vibarua wake.

Ni shina la mkaratusi lililokalishwa juu ya kiti cha chuma, zito kiasi kwamba wanaume wawili wakilinyanyua hawazungumzi. Mjomba amelikatia nyama tangu mimi nikiwa sijaota meno ya utu uzima. Katikati limeingia ndani kidogo, kama sahani, kwa ajili ya shoka. Analisalimia asubuhi kabla ya kunisalimia mimi.

Ilikuwa Julai 2019. Waliokuwa Goma mwaka ule wanakumbuka. Ebola, iliyokuwa imewatesa wenzetu wa Beni na Butembo kwa miezi mingi, ilithibitishwa mjini kwetu tarehe 14 ya mwezi huo. Kila mlango ukaota ndoo ya maji ya klorini. Kila mlango ukapata mtu wa kukuelekezea kipima joto kwenye paji la uso kama bastola, na wewe unasimama wima kama mwizi aliyekamatwa. Tukasalimiana kwa viwiko. Mji mzima ukanuka bwawa la kuogelea la hoteli. Na wateja wetu, ambao miaka yote swali lao lilikuwa moja tu (mbona mfupa umekuwa mwingi?), wakaanza kuinamia gogo na kuuliza: "Hii munasafishaka na nini?"

Wiki hiyo hiyo Mjomba akapanda Masisi kutafuta ng'ombe. Akaniachia bucha siku nne, mimi niliyekuwa nimemaliza masomo ya usimamizi na bado nikitafuta kitu cha kusimamia.

Kabla ya kuondoka alinionyesha vifaa vya gogo kana kwamba ananikabidhi watoto. Cha kwanza, chuma cha kukwangulia, bapa, upana wa kiganja, ambacho fundi alimchongea kutoka kwenye resori, yaani springi, ya lori. Cha pili, brashi ya chuma. Hii si brashi unayoijua. Nyaya zake ni fupi, ngumu na bapa, kila mmoja kama kisu kidogo kilichosimama, na zimepangwa kwa kubanana hata ukipitisha kidole unakijutia. Cha tatu, mfuko wa chumvi ya mawe. Kila jioni unakwangua kwa chuma mpaka utoke ule urojo wa kijivu, mchanganyiko wa mafuta, nyama na unga wa mifupa. Kisha brashi. Kisha kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikalia. Kisha unamwaga chumvi, inalala hapo usiku kucha ikinyonya unyevu, na asubuhi unaifagia.

"Na maji?" nikauliza.

"Gogo halinywi maji," akasema Mjomba, akaingia kwenye gari.

Mimi nikaelewa kwamba ni methali.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili, fundi wa milango jirani yetu akaja na uso wa huruma kuazima brashi. Dakika tano tu, papa, geti lina kutu kidogo. Ukisikia mtu wa Goma anasema dakika tano, toa saa yako mkononi uiweke mfukoni, haitakusaidia. Brashi ilirudi jioni ikiwa imelala ubavu, nyaya zimepinda zote upande mmoja kama shamba la mtama lililopitiwa na mbuzi, na rangi ya kijani imeganda katikati.

Nikatelemka sokoni Birere kununua nyingine. Muuzaji akanionyesha brashi yenye mpini wa njano, nzuri, nyepesi, faranga 1,500. Nikaona Mjomba miaka yote alikuwa anajitesa bure. Sikuangalia kwamba nyaya zake zilikuwa za duara, nyembamba kama sindano, za kuparuzia rangi kwenye bati. Jioni hiyo nilisugua gogo kwa furaha, na lilivyokuwa linatoa sauti ya kwaru-kwaru, nikajua kazi inafanyika. Kazi ilikuwa inafanyika kweli. Nyaya zilikuwa zinahama.

Kesho yake saa moja usiku, kijana wa mishikaki anayechomea pale barabarani akaingia bila salamu, hata ya kiwiko. Alikuwa ameshika kitu kati ya vidole viwili, mkono ameunyosha mbele kama mtu aliyebeba panya kwa mkia.

"Hii ni nini?"

Nikasogeza taa. Ulikuwa waya, urefu wa kucha, unang'aa.

"Ni... kijiti cha mshikaki?" nikasema.

"Kijiti changu ni cha mbao. Mteja amesema ameumwa na nyama."

Nikamrudishia hela ya kilo mbili na kumwongezea maini ili anyamaze. Alinyamaza mpaka alipofika kwa mama wa sombe, yule muuza majani ya muhogo, hatua sita.

Usiku ule nilifanya kazi kama mtu mwenye diploma. Nilivunja redio iliyokufa ya shangazi, nikatoa sumaku ya spika, nikaanza kuipitisha juu ya gogo polepole, sentimita kwa sentimita, kwa tochi ya simu. Ikavuta nyaya sita. Nilizipanga kwenye karatasi na kuzihesabu mara mbili. Ilivuta pia vumbi letu jeusi la lava, mpaka sumaku ikaota ndevu kama za shehe. Hapo nikaona kwamba gogo lina mengi. Vumbi, nyaya, na kwenye nyufa ndogo vitu ambavyo sitavitaja, kuna watu wanasoma huku wanakula.

Nikaamua: gogo litaoshwa. Lote. Kwa maji mengi.

Kesho yake bomba la mtaani lilikuwa halijatoa maji kwa siku tatu. Maji yalikuwa yanapanda kutoka ziwani kwa chukudu, bidoni za lita 20, faranga 500 kila moja. Nikakaa chini na kalamu. Gogo lingehitaji bidoni kumi kwa uchache: faranga 5,000. Lakini kijana wa chukudu angelibeba gogo lenyewe hadi ziwani kwa faranga 3,000. Kupeleka maji kwenye gogo, hasara. Kupeleka gogo kwenye maji, faida ya 2,000. Nilihesabu tena, jibu likatoka lile lile. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walidai sikufikiri. Nilifikiri sana.

Kwa asiyeijua chukudu: ni baiskeli isiyo na pedeli, ya mbao, hata magurudumu, na mara nyingi ni ya mkaratusi. Yaani ndugu alimbeba ndugu. Tukalifunga gogo kwa mipira ya tairi, kijana akapiga goti moja kwenye ubao, tukashuka kuelekea Kituku, ufukweni mwa Ziwa Kivu. Mimi nilikuwa nyuma nikikimbia. Watu walikuwa wanasimama kutazama, na mmoja akavua kofia. Nadhani alifikiri ni maiti.

Kituku kulikuwa kumejaa akina mama na bidoni. Waliponiona natelemsha gogo lenye rangi ya damu ya miaka kumi na kitu, hawakuuliza naitwa nani.

"Weye! Maji tunakunywa unataka kuoshea ng'ombe?"

"Si ng'ombe, mama, ni gogo."

"Peleka hiyo gogo kwa mama yako aikunywe!"

Walikuwa na haki, na mmoja alikuwa na jiwe. Tukasogea mbali, nyuma ya mawe, mahali ambapo lava ya zamani imeingia majini na kuishia ghafla kama ngazi iliyokatwa. Hapana mtu, hapana bidoni. Tukalifunga mpira wa tairi kiunoni, ncha ya pili nikaishika mimi, tukalisukuma taratibu liingie kichwa tu.

Liliingia lote. Likazama, likafikiri, likaibuka. Lilielea limesimama nusu, kichwa nje, kama mzee anayeoga. Kusema kweli lilipendeza. Nikaanza kulisugua kwa ile brashi ya njano nikiwa nimelala kifudifudi juu ya mwamba. Upepo wa alasiri ukasukuma, mpira ukavutika. Mpira wa tairi una tabia moja: unakubali, unakubali, unakubali, halafu hapana. Ulikatika na kunirudia usoni. Nilipofungua jicho lililobaki, gogo lilikuwa mita kumi kutoka ufukweni na halikuwa na haraka.

Mimi sijui kuogelea. Kijana wa chukudu naye alisema hajui, ingawa nilimwona Jumapili moja akivuka ghuba kwa ajili ya msichana. Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, watu wa kwetu hujivunia hilo. Jioni ile mtoto mmoja alikimbia akipiga kelele kwamba limeanza kuwa naye.

Tulikaa. Jua likashuka. Kwa mbali zikasikika nyimbo, na wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wakatokea: mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma kama pembe, wanapiga kasia kwa wimbo, wanakwenda kuwasha taa zao usiku. Nikarukaruka juu ya mwamba na kupunga shati. Wimbo ukakatika.

"Ile kitu ni ya nani?" mmoja akauliza kutoka majini.

"Ya mjomba wangu!"

"Mjomba wako ni samaki?"

"Ana bucha!"

Kimya kidogo. Kisha mitumbwi yote mitatu ikacheka. Wakalizunguka gogo, wakaligusa kwa kasia, wakashauriana kama mahakimu. Bei ikatoka: kilo nne za nyama, isiyo na mfupa, wataichukua Jumamosi. Nikasema mbili. Wakalisukuma gogo kidogo kuelekea Bukavu, ncha ya pili ya ziwa. Nikasema nne.

Walilivuta hadi ufukweni, na walipoondoka wimbo ulianza tena, ila maneno yalikuwa mapya. Mmoja anatunga, wengine wanaitikia: mwenye bucha wa Ndosho, eee, anauzia samaki, eee. Waliuimba mpaka taa zao zikawa nyota.

Kupandisha sitaeleza. Gogo lilikuwa limekunywa maji, uzito umezidi, na chukudu kupanda mlima haiendeshwi, inasukumwa. Kijana aliongeza bei mara tatu njiani. Faida yangu ya 2,000 ilikufa kabla ya barabara ya lami.

Asubuhi ya siku ya tano, Mjomba alitegemewa mchana. Gogo lilikuwa safi, naapa, jeupe kama mkate, ila limevimba na linachuruzika. Nikalitoa nje juani, juu ya mawe meusi ambayo kiangazi yanawaka kama kikaango, likauke upesi.

Sasa, uso wa gogo la bucha ni ule upande wa msumeno. Nyuzi za mti zimesimama wima. Ndiyo maana shoka linaingia kati yake na mti haukatiki vipande. Lakini nyuzi hizo hizo ni mirija. Zinakunywa maji kutoka juu hadi moyoni, mti unavimba, halafu jua likipiga, nje kunakauka na kusinyaa huku ndani bado kumejaa. Na mkaratusi ndio mti usiosamehe kuliko yote. Haya nimeyajua baadaye, kutoka kwa seremala wa chukudu, ambaye aliyasema huku akifuta machozi ya kicheko.

Saa nne na nusu, dukani mna wateja watano. PAA!

Kwetu Goma mlio wa namna hiyo haungojewi maelezo. Mama wa sombe alilala juu ya sombe. Kijana wa mishikaki aliruka ukuta ambao siku za kawaida huuzunguka. Mwalimu mmoja wa hesabu, mtu wa heshima zake, aliingia chini ya meza ya nyama na kukumbatia kwato. Mtaa ukawa kimya, hata pikipiki. Baada ya dakika nzima mwalimu akatoa kichwa akaniuliza kwa sauti ya chini: "Imetoka upande gani?"

"Nje," nikasema. "Ni gogo."

Tukatoka wote kulitazama. Ufa ulikuwa umetoka ukingoni mpaka moyoni, mpana wa kupitisha vidole viwili. Ndani mti ulikuwa wa waridi, mbichi kama jeraha, na katikati kabisa, umesimama peke yake, unang'aa juani, waya wa saba.

Mjomba alifika saa nane. Hakupiga kelele. Alilizunguka gogo mara moja, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa kutambua mwili. Akaingia ndani, akatoka na kile chuma chake cha kukwangulia, akakiingiza kwenye ufa. Kikaingia sawasawa, hadi mwisho, kama kilichopimwa.

"Basi," akasema, "chuma kimepata nyumba."

Hakusema neno jingine mpaka Ijumaa.

Gogo jipya lilikuja kwa chukudu, na kijana yule yule aliyelileta aliomba nauli kabla ya kulishusha. La zamani lilipasuliwa kabisa, nusu ikawa kiti changu, na juu ya kiti hicho ninakaa kila jioni nikikwangua, nikipiga brashi (Mjomba aliagiza ya nyaya bapa, na ameifunga kwa mnyororo), nikimwaga chumvi.

Jumamosi, wavuvi walikuja watatu na mfuko. Nilipima kilo nne, Mjomba akinitazama bila kupepesa, kwa kuwa hilo la kilo nne sikuwa nimemweleza. Mkubwa wao akapokea nyama, akashukuru, akapiga gogo jipya kofi la kirafiki.

"Na huyu," akauliza, "anajua kuogelea?"