Kupaka spiriti sio kusafisha flaksi

Hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, leo naomba niliseme. Mafundi wengi tukimaliza kulehemu vifaa kwenye bodi ya saketi tunachukua mswaki, tunamwagia spiriti kwenye bodi, tunasugua sekunde kumi hivi, bodi inang'aa kwa sababu imelowa, tunaiacha ikauke yenyewe tunafunga kava. Tukiulizwa tunasema tumesafisha. Hapana jamani, hapo hujasafisha, umehamisha tu uchafu.

Spiriti haiiondoi flaksi, ile dawa ya kulehemu inayosaidia risasi ishike, inaiyeyusha basi. Ile flaksi iliyokuwa imeganda kwenye pini nne sasa imechanganyika na spiriti na imetambaa bodi nzima, imeingia mpaka chini ya aisii (zile chipu nyeusi zenye pini nyingi), halafu spiriti inapaa hewani peke yake na flaksi inabaki palepale ilipofikia, utando mwembamba. Ndo maana ukipitisha kidole baadaye kinanata nata, na ndo yale madoa meupe meupe kama chumvi ambayo watu wanadhani bodi imeharibika.

Kazi yenyewe iko kwenye kuitoa kabla haijakauka. Mimi nafanya hivi: namwaga spiriti ya kutosha, nasugua na brashi laini, halafu bodi ikiwa bado imelowa chepechepe naweka juu yake kipande cha kitambaa safi kisichotoa nyuzi, naongeza spiriti kidogo juu ya kitambaa, nasugua tena na brashi juu ya hicho hicho kitambaa. Nywele za brashi zinakisukuma kitambaa mpaka katikati ya pini na kinanyonya kila kitu. Kinyanyue ukiangalie, utakuta doa la njano kahawia lenye alama za pini kabisa. Hiyo njano ndo ulikuwa unaiacha kwenye bodi siku zote. Chukua kipande kingine kisafi, rudia.

Na spiriti iwe ya asilimia 99 au karibu na hapo. Ile ya 70 ya kusafishia vidonda ina maji asilimia 30, na hayo maji hayayeyushi flaksi ya utomvu, yanachelewa tu kukauka na kujificha chini ya vifaa.

Kuna saketi ya sensa nilitengeneza, ina risista ya megaohm 10 kwenye ingizo, ikawa inanisumbua wiki nzima. Mchana inasoma vizuri, asubuhi kukiwa na unyevu namba zinatembea zenyewe. Nikabadilisha aisii, nikabadilisha risista, wapi. Siku moja nikainama kuiangalia kwa karibu, pumzi yangu ikaipiga bodi nikaona namba zimeruka palepale. Nikahema tena makusudi, zikaruka tena. Ilikuwa flaksi, inavuta unyevu na kupitisha umeme kidogo kati ya njia mbili, na kwenye risista kubwa namna ile hata uvujaji mdogo sana unatosha kuharibu usomaji. Nikaiosha kwa kitambaa vipande vitatu, tatizo likaisha. Kwenye saketi ya kuwasha taa tu usingeona kitu, ndo maana watu wanabisha. Ila ukiacha asidi ya flaksi, unyevu na volti vikae pamoja miezi, kopa inaliwa inageuka kijani, au metali inaota vinyuzi vidogo kama mizizi kutoka njia moja kwenda nyingine mpaka zinashoti.

Najua kuna wa kuniambia flaksi yake ni ya noklini, haihitaji kuoshwa. Sawa, hizo zipo na zina maana yake. Zamani viwanda vingi vilikuwa vinaosha bodi kwa kemikali inaitwa CFC-113, ikaonekana inaharibu tabaka la ozoni, mkataba wa kimataifa wa Itifaki ya Montreal ya 1987 ukaibana, na hiyo ni sababu kubwa flaksi zisizooshwa zikashika soko. Lakini kiwandani bodi nzima inapita kwenye tanuri, flaksi yote inapata moto kamili na asidi zake zinaisha nguvu au zinafungiwa ndani ya utomvu uliogandana. Wewe umeminya sindano ya flaksi ukapaka mlima mzima, pasi ya kulehemu ikagusa pini mbili, ile ya pembeni haijaiva, iko hai bado. Na ukiifuta nusu nusu ndo mbaya zaidi kuliko kuiacha, manake umevunja utomvu ukaziachia asidi. Kwa hiyo kama imeiva yote iache, ukianza kuiosha imalize.

Zile flaksi za kuoshwa kwa maji hizo hazina mjadala, osha na maji ya moto moto kisha suuza na maji yasiyo na madini (distilled), siku hiyo hiyo, zina asidi kali. Flaksi ya mafundi bomba usiilete kabisa karibu na bodi.

Halafu angalia unamwaga wapi. Maikrofoni, swichi, relei iliyo wazi, vile vya kuzungusha sauti, spiriti inabeba flaksi inaiingiza ndani na huitoi tena, hapo tumia pamba yenye unyevu kidogo tu. Betri toa kwanza, pasi zima, fungua dirisha, mvuke wa spiriti unashika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba.

Juzi nilikuwa na bodi moja nimeshaiosha mara mbili nikaona iko safi, nikaimulika na tochi kwa pembeni, bado kuna utando chini ya aisii. Nikarudia. Kitambaa cha tatu kikatoka na njano hafifu, cha nne ndo kikatoka cheupe.