Maziwa Niliyoyamwaga

Usiku wa tatu baada ya kumzaa mwanangu wa pili, nilisimama kwenye sinki ya wodi nikikamua maziwa na kuyaacha yaende na maji. Kifua kilikuwa kimejaa hadi kinauma, na mtoto alikuwa ameshanyonya akashiba, amelala fofofo. Vitanda viwili kutoka changu kulikuwa na mama aliyefanyiwa upasuaji wiki nane kabla ya siku zake. Mtoto wake alikuwa kwenye mashine ya joto, ghorofa ya chini. Kila baada ya saa tatu aliitwa akakamue, na kila mara alirudi akilia, kwa sababu alichokipata hakikufunika hata kitako cha kikombe.

Nikamwambia nesi, "Sista, si umpelekee yule mtoto haya yangu?"

"Haturuhusiwi, mama. Hapa hatuna namna ya kuyapima."

Alisema kweli. Maziwa ya mama yanaweza kupitisha virusi vya Ukimwi, na nesi anayeijua kazi yake hawezi kuyatoa kwa mtu akampa mtoto wa mwingine eti kwa kuwa huyo mtu anaonekana mzima. Sikumkasirikia. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba dawa ya shida ile ilikuwa humu humu jijini Nairobi, ila haikuwa imefika wodi yetu.

Machi 2019, Hospitali ya Uzazi ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama, ya kwanza Kenya. Neno "benki" huwapoteza wengi wakadhani kuna biashara. Mama anayechangia halipwi. Anaulizwa kuhusu afya yake na dawa anazotumia, anapimwa Ukimwi, homa ya ini na kaswende, na akiwa salama anakamua kile kinachobaki baada ya mwanawe kushiba. Maziwa hayo hayachemshwi kama tunavyochemsha ya ng'ombe. Hupashwa moto hadi nyuzi 62.5, yakakaa kwenye joto hilo kwa dakika 30, kisha yakapozwa haraka. Joto hilo linaua virusi vya Ukimwi na bakteria wa hatari, lakini linabakisha sehemu kubwa ya kinga ambayo ingeteketea kabisa kama yangetokota. Kisha yanapimwa bakteria. Yakifaulu, yanagandishwa kwenye friza kungoja mtoto atakayeyahitaji.

Mtoto huyo mara nyingi ni njiti, aliyezaliwa kabla ya siku zake. Utumbo wake haujakomaa, na maumbile yake hayakutarajia kitu kingine zaidi ya maziwa ya binadamu. Kuna ugonjwa unaoozesha utumbo wa watoto hawa, unaua haraka, na wanaolishwa maziwa ya kopo huupata zaidi kuliko wanaopewa maziwa ya mama, hata yakiwa ya mama mwingine. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba njiti akikosa maziwa ya mamake, maziwa salama ya kuchangiwa yatangulie kabla ya kopo. Na wala si mengi. Mtoto wa kilo moja, siku zake za mwanzo, hulishwa kwa mpira mililita chache tu kila baada ya saa mbili au tatu. Kikombe cha chai kinamtosha siku nzima na kubaki. Mimi usiku ule nilimwaga zaidi ya kikombe.

Wapo wanaosema tabia ya mama hupita kwenye maziwa, kwamba mtoto ataiga ukali wa mtu asiyemjua. Hilo silijadili. Lakini lipo suala moja ninalolichukulia kwa uzito wote, kwa sababu nimelelewa Majengo, hatua chache kutoka hospitali hiyo ya Pumwani, na ni suala la nyumbani kwetu: kunyonya ziwa moja. Nyanya yangu alimnyonyesha mtoto wa jirani aliyefiwa na mkewe, na mtoto huyo, ambaye sasa ni mzee, mpaka leo ni mjomba wetu kamili. Hawezi kuoa binti yeyote wa nyumba yetu. Qur'ani imelitaja jambo hili katika Sura An-Nisaa, aya ya 23, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani na huku bara tunayafuata, kunyonya mara tano kunaleta undugu. Masheikh wanatofautiana kama maziwa ya chupa, yaliyochanganywa ya akina mama kadhaa, yana hukumu hiyohiyo. Mimi si mwanachuoni. Ninachoomba ni kwamba familia ya Kiislamu iulizwe waziwazi, maziwa ya kila mama yahifadhiwe peke yake, na daftari liandikwe ili siku ya posa ikifika pawe na pa kuuliza. Kuandika hakugharimu kama friza. Mtu akikataa kwa sababu ya dini yake, aheshimiwe, lakini asikatae kwa sababu hakuna aliyekaa naye akamweleza.

Brazil ina benki za namna hii zaidi ya 200, na kule Brasília wazima moto hupita majumbani kuchukua chupa kwa akina mama. Nairobi tuna bodaboda zinazofikisha chipsi Umoja zikiwa bado moto. Usafiri upo, na maziwa yapo. Ingia wodi yoyote ya uzazi asubuhi uone kanga zilivyolowa. Kinachokosekana ni vituo vya kukusanyia katika hospitali nyingine za jiji, na mtu wa kumwambia mama aliyejaliwa mengi kwamba yanahitajika. Mimi hakuna aliyeniambia. Habari za Pumwani nilizipata nikiwa tayari nimeacha kunyonyesha.

Siku niliyoruhusiwa kwenda nyumbani, yule mama alikuwa kwenye korido akiteremka kwa mwanawe. Alinionyesha bomba la sindano lenye mililita tano. Siku zote hizo mtoto alikuwa anaishi kwa dripu. Alilishika kwa mikono miwili, akitembea polepole kwa ajili ya mshono. Nikarudi kitandani kuchukua mkoba wangu, na kanga yangu ilikuwa imelowa tena kifuani.