Samaki Waliopita Machoni mwa Mzee

Kabla hamjanitumia tena ile sauti aliyoirekodi swahiba wangu, anacheka mpaka anakohoa, naomba na mimi nisikilizwe. Ndiyo, samaki walionekana. Ndiyo, walipita kwenye macho ya Mzee. Lakini si kweli kwamba niliwachora mimi, na si kweli kwamba nilikuwa nalipiza kisasi kwa sababu aliwahi kunirudishia madai yangu ya nauli akitaka risiti. (Risiti nilikuwa nayo. Ilifuliwa ndani ya suruali. Hayo tuyaache.)

Mnaomjua Mzee mnamjua: mhasibu mkuu, mtu wa kalamu nyekundu, akikosa senti moja kwenye hesabu hali wala halali. Tulikuwa tunamuaga kustaafu. Kamati ikakaa, wakagawana kazi, na ilipofika zamu yangu wakaniambia, "Wewe si unajua mambo ya kompyuta? Tutengenezee picha ya Mzee isiyo na mandharinyuma, tuiweke juu ya slaidi yoyote tunayotaka." Nikaitika kwa ile sauti ya mtu aliyezaliwa na kompyuta mkononi.

Picha niliyopewa ilikuwa hivi. Mzee amesimama mbele ya ukuta mweupe. Koti jeusi, tai nyekundu, shati jeupe. Anacheka, meno yote nje, nadhani ndiyo picha pekee duniani ambayo Mzee anacheka. Na mwanga wa kamera umempiga juu ya upara pakang'aa hasa. Sasa hebu rudieni polepole: ukuta, shati, meno, upara. Ongezeni na weupe wa macho. Mwenye akili angeona hatari hapo hapo. Mimi niliona kazi ya dakika chache kisha nikalale.

Mnaotumia programu za kuhariri picha mnaijua fimbo ya uchawi. Unabofya mahali, nayo inachagua pikseli zote, yaani vile vidoti vidogo vinavyounda picha, zenye rangi inayokaribiana na hapo ulipobofya. Zikaribiane kiasi gani, unaamua wewe kwa kuipa namba. Kwenye Photoshop unaikuta imewekwa 32, na unaweza kuipandisha hadi 255. Namba ikiwa ndogo fimbo inakuwa mchoyo. Ukiipandisha sana inapoteza adabu.

Ukuta wa Mzee ulikuwa na vivuli, hivyo kila nikibofya kinabaki kipande. Nikapandisha namba. Kikabaki kingine kwapani, pale kati ya mkono na koti. Nikapandisha tena. Halafu nikagundua kile kisanduku chenye tiki, kinachoiambia fimbo ichague zile pikseli zilizogusana tu. Nikaitoa tiki. Jamani! Mbofyo mmoja, ukuta wote umezungukwa, hadi kwapani. Nikajiona fundi. Sikujua kwamba kuitoa ile tiki ni kuipa fimbo ruhusa ya kwenda popote penye weupe, hata ndani ya mdomo wa mtu mzima.

Nikafuta. Ukuta ukaenda zake, pakabaki ile drafti ya vimraba vyeupe na vya kijivu, ambayo ndiyo njia ya programu ya kukuambia hapa hapana kitu. Nikamtazama Mzee. Na hapa ndipo ninapoomba huruma yenu, maana nilimwona. Nilimwona vizuri, kwa utulivu, nikajisemea: kumbe Mzee siku hiyo alivaa shati la drafti. Tena limempendeza.

Naomba msicheke bado.

Kwa mazoea nikaihifadhi kwanza kama JPEG, ile aina ya faili la picha tuliyoizoea, na mandhari meupe yakarudi, kwa sababu JPEG haina pa kuweka uwazi: kila penye tundu inapaziba kwa rangi. Sasa oneni kejeli ya dunia. Ile JPEG ilikuwa salama kabisa! Matundu yote yalizibwa kwa weupe uleule yalikotoka. Ningeipeleka ile, kamati ingelalamika kidogo kwamba ina boksi jeupe, mimi leo ningekuwa na heshima zangu. Lakini ningewezaje, fundi mzima? Nikatoa PNG, aina ya faili inayotunza uwazi.

Na msidhani sikufanya majaribio. Nilifanya! Niliwahi kuumia na zile picha za mtandaoni zinazojidai hazina mandharinyuma, ukizishusha unakuta drafti imechapwa ndani ya picha yenyewe, haitoki hata kwa maombi. Kwa hiyo nikaiweka picha ya Mzee juu ya slaidi nyeupe nihakikishe drafti haipo. Haikuwepo. Hata kwenye shati haikuwepo. Shati la drafti limegeuka jeupe lote. Hilo nalo halikunishtua. Nikatuma, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Swahiba wangu, huyu huyu anayewasimulia, ndiye aliyekuwa kwenye kompyuta siku ya shughuli. Dakika za mwisho akapata wazo. Mzee miaka yote amekuwa akisema akistaafu anakwenda kuishi karibu na bahari, kwa nini tusiweke video ya chini ya bahari nyuma yake? Wazo zuri. Lile suala la kwamba yeye ndiye aliyeweka bahari halimo kwenye sauti yake, mmeliona hilo?

Taa zikazimwa. Muziki taratibu. Skrini kubwa ya ukutani ikawa buluu, ile buluu ya kina kirefu, na Mzee akajitokeza katikati, kichwa peke yake kina urefu wa mtu. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, tena nikamgusa jirani yangu bega nimwambie ni kazi yangu. Nilimwambia. Alisikia. Siwezi kuyarudisha yale maneno.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni macho. Mboni zilikuwa mahali pake, nyeusi, zinatutazama. Lakini weupe wote uliozizunguka ulikuwa buluu, na ile buluu ilikuwa inacheza. Nikateremka kwenye meno. Buluu. Nikapanda kwenye upara: pale palipong'aa pana dirisha, mwanga wa juu ya maji unapenya. Shati halikuwepo kabisa. Koti lipo, tai ipo, inaning'inia peke yake baharini bila kufungwa kwenye chochote.

Makofi yakapungua. Hayakukoma kwa pamoja, yalikuwa yanadondoka moja moja, kadiri kila mtu alivyong'amua anachokiona.

Kisha akaja samaki. Wa njano, mmoja, hana haraka. Akaingia kutoka kushoto, akapotea nyuma ya sikio. Nikaanza kupiga hesabu kichwani, mwendo wake na urefu aliopo, nikaomba apite juu kidogo au chini kidogo. Akatokea kwenye jicho. Akasimama. Nawaapia alisimama, akageuka upande wetu, akatutazama kupitia jicho la Mzee. Halafu akaendelea, akapotea nyuma ya pua. Na hapo, wapendwa, ukumbi mzima ulikuwa kimya unasubiri jicho la pili. Watu wazima, wengine wana vyeo, wamekaa kwenye ncha za viti. Alipotokea, mtu kule nyuma akapiga kelele, "Huyo!"

Sikumaliza kumeza mate, likaja kundi la wadogo wadogo wa fedha, wakapita mdomoni. Meno yakametameta kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kifuani akawa anapanda kasa, polepole, anapiga makasia, akapita nyuma ya tai, akapotea shingoni. Nikafumba macho. Nilijua anakoelekea. Kwa kishindo cha kicheko nilijua kichwa chake kimefika dirishani, pale uparani.

Nikamwashiria swahiba azime. Akababaika, akabonyeza kitufe cha kusitisha. Video ikasimama. Samaki mwingine naye akasimama. Ndani ya jicho. Swahiba akaachia kompyuta akajishika mbavu, na ile picha ikakaa hivyo, haiendi mbele hairudi nyuma, mpaka Mzee alipoinuka na kuomba kipaza sauti.

"Nani ametengeneza hii?"

Jirani yangu akanionyesha. Si nilimwambia mwenyewe.

"Kijana. Nieleze."

Sasa mtu mwenye busara angesema samahani Mzee akakaa. Mimi hofu ikinishika huwa nafundisha. Nikasikia mdomo wangu unaanza na historia: kwamba Mzee, kulikuwa na aina ya faili la picha iitwayo GIF mwaka 1987, na toleo lake la 1989 likaleta uwazi, lakini ulikuwa uwazi wa ndiyo au hapana tu, pikseli ama inaonekana yote ama haionekani kabisa, ndiyo maana ilipoidhinishwa PNG mwaka 1996 watu walifurahi, kwa sababu kila pikseli, pamoja na namba zake tatu za nyekundu, kijani na buluu, inaweza kubeba namba ya nne, inaitwa alfa, inayosema ionekane kiasi gani. Sifuri haionekani kabisa. 255 inaonekana yote.

Mzee aliposikia namba akatega sikio. Kwa kweli hapo nilianza kutumaini.

"Kwa hiyo hiyo namba ya nne ni salio."

"Ndiyo, Mzee. Salio la kuonekana."

"Macho yangu yana salio gani?"

"Sifuri, Mzee."

"Meno?"

"Sifuri."

"Shati?"

"Sifuri, Mzee."

"Nywele hizi za pembeni?"

Nikaangalia skrini. Zilikuwa mvi, fimbo ilizila kingo tu. "Hizo kama 120 hivi, Mzee. Nusu zipo."

Akakaa kimya akijumlisha. "Kwa hiyo baada ya miaka yote hii, nimebaki na nini?"

Na mimi, mtoto wa watu, kwa moyo safi kabisa, nikamjibu: "Tai, Mzee. Tai ni 255."

Yaliyofuata sina haja ya kuyasimulia, kwenye ile sauti mnasikia viti vinavyoanguka. Mzee alicheka. Alicheka meno nje, ikawa yuko yeye na yuko yule wa skrini, wote wanacheka, mmoja ana samaki. Picha mnayoiona inazunguka ni hiyo.

Usiku huohuo nikaitengeneza upya, safari hii kwa maski, ambayo haifuti kitu bali inaficha tu: ukipaka nyeusi sehemu inafichika, ukipaka nyeupe inarudi. Jino kwa jino nikayarudisha. Nikaweka chini yake leya, yaani tabaka, ya rangi ya waridi kali, ili tundu lolote lililobaki lijitangaze lenyewe, na kwa kweli kwenye kola lilikuwepo moja. Nikaziba. Nikamtumia Mzee na ujumbe mrefu wa kuomba radhi, wenye aya.

Akajibu asubuhi: "Nimepokea. Hii haina kazi. Nitumie ile yenye matundu, wajukuu wanaidai."

Nikamtumia, ningefanyaje. Sasa wajukuu wamegundua kwamba nyuma yake unaweza kuweka video yoyote. Walianza na mvua, wakaja na volkano, uji wa moto unachuruzika kifuani nyuma ya tai. Leo nimepokea ya treni, behewa kwa behewa, inapita taratibu kwenye meno, na aliyeituma kwenye kundi la ofisi ni Mzee mwenyewe.