Runinga nyembamba: unalipia usichokiona

Ukishakaa kitini na kuwasha runinga, unene wake huuoni tena. Unaona picha na kusikia sauti, basi. Hata hivyo matangazo hupenda kutuonyesha runinga kwa ubavuni, na wengi tunaifungulia pochi ile nyembamba kuliko zote. Kwa maoni yangu wembamba ni sifa ya mwisho kabisa kulipiwa, kwa sababu mara nyingi unakula sifa nyingine zenye maana zaidi.

Chukua sauti. Spika inahitaji nafasi ya kusukuma hewa, na ukiibana ndani ya sentimita chache, besi inakufa. Tena kioo siku hizi kimefika hadi ukingoni, kwa hiyo spika haina pa kutokea mbele. Inaelekezwa chini au nyuma, na maneno yanakufikia baada ya kugonga ukuta. Ndiyo maana mtu anaongeza sauti ili asikie mazungumzo, kisha anakimbilia rimoti muziki unapoanza. Ukipiga hesabu ya runinga nyembamba, weka na bei ya spika ya nje humo humo. Angalia pia kama kuna tundu la HDMI, lile la waya unaobeba picha na sauti, lililoandikwa ARC au eARC, yaani linaloweza kutoa sauti ya runinga kwenda spika ya nje. Hapo waya mmoja unatosha, na rimoti ya runinga ndiyo itakayopandisha na kushusha sauti ya spika hiyo.

Mwanga nao. Runinga nyingi ni za LCD, na kioo cha LCD hakiwaki chenyewe, kinamulikwa na taa za LED. Ili kupunguza unene, watengenezaji wengine huzipanga taa ukingoni tu, kisha mwanga unasambazwa nyuma ya kioo. Tazama picha ya usiku kwenye runinga ya namna hiyo: penye giza pana rangi ya kijivu, na pembeni mwanga umevuja kama maji chini ya mlango. Ile yenye taa zilizotandazwa nyuma ya kioo chote, zinazofifishwa kwa mafungu pale picha inapokuwa na giza, huwa nene kidogo. Mimi ningeichukua hiyo bila kusita.

Kioo cha OLED ni habari nyingine. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inawaka na kuzima yenyewe, haihitaji taa za nyuma, kwa hiyo wembamba wake una sababu na weusi wake ni weusi kweli. Lakini sebule inayopigwa na jua mchana kutwa inaweza kufaidika zaidi na LCD yenye mwanga mkali. Na kama nyumbani kwenu chaneli moja ya habari huachwa wazi tangu asubuhi, nembo yake ikiwa pale pale kwenye kona, ujue OLED inaweza kubaki na alama isiyofutika.

Dukani, mwombe muuzaji akuwekee picha yenye giza. Video za maonyesho zimejaa maua, samaki na matunda ya rangi kali, na kwa picha kama hizo runinga karibu zote zinapendeza. Mwombe pia aiondoe kwenye mpangilio wa dukani, ule wa mwanga uliokolezwa, aiweke kwenye mpangilio wa sinema. Hapo tofauti za kweli zinaanza kujitokeza.

Kuhusu ukubwa sina maneno mengi. Inchi hupimwa kutoka kona hadi kona, kwa hiyo namba peke yake haikuambii itakavyokaa ukutani. Inchi 55 ni kama sentimita 122 kwa 68, na inchi 65 ni kama 144 kwa 81. Bandika magazeti ukutani kwa vipimo hivyo, ukae unapokaa siku zote, uangalie. Kwa picha ya 4K, kiwango kinachotaja wingi wa pikseli, umbali wa mita 2 hadi 2.6 unaifaa sana inchi 65. Hiyo 8K, kiwango cha juu zaidi, iache: ina pikseli milioni 33 dhidi ya milioni 8.3 za 4K, lakini vya kutazama vilivyotengenezwa kwa kiwango hicho ni vichache mno.

Sasa ule ujanja wa intaneti. Ndani ya runinga janja kuna kompyuta ndogo, na kompyuta huzeeka kabla ya kioo. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za Samsung za 2010 na 2011, ilhali kioo kingeweza kuendelea miaka mingine mingi. Kwa hiyo usiongeze hela kwa sababu ya wingi wa programu. Uliza runinga itapata masasisho kwa miaka mingapi. Yakikoma, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI kitairudishia uhai, mradi kioo ulichonunua ni kizuri.

Kompyuta hiyo pia inaweza kukutazama wewe. Mwaka 2017 nchini Marekani, kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushtakiwa kwamba ilikusanya taarifa za yanayotazamwa kwenye runinga milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe. Jambo hili linaniudhi sana. Mnachokitazama sebuleni ni cha nyumba yenu. Siku ya kwanza, unapobonyeza "kubali" mfululizo ili ufike kwenye picha, simama kwenye ukurasa unaozungumzia kutambua unachotazama na ukatae. Huduma nyingi hazihitaji ruhusa hiyo, na kama ulishakubali, mara nyingi unaweza kuizima kwenye mipangilio ya faragha.

Lililobaki ni intaneti yenyewe. Netflix inapendekeza kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K, na kasi inayohesabika ni ile inayofika runinga ilipo, siyo ile iliyo kando ya ruta chumba cha pili. Kabla fundi hajatoboa ukuta ili aitundike runinga, simama hapo na simu yako upime. Ikiwa chini ya hapo, sogeza ruta, au mwambie fundi apitishe na waya wa mtandao akiwa bado ana drili mkononi.