Hormuz Imeninyoa Nusu Kichwa

Nisikilizeni kwanza, kucheka mtacheka baadaye. Jumapili ya Juni 22, 2025, mimi fundi cherehani, baba wa watoto wanne, mkazi wa Mwanga hapa Kigoma, nilitembea kutoka kwa kinyozi mpaka nyumbani nikiwa nimenyolewa nusu kichwa. Upande wa kulia upara unang'aa, upande wa kushoto msitu wa Gombe, umebaki sokwe tu. Na msimlaumu kinyozi. Aliyeniponza ni mlango bahari wa Hormuz.

Sisi hapa ni mwisho wa reli. Reli yenyewe ilifika mwaka 1914, ikaliona ziwa, ikakaa chini. Tangu hapo tumezoea kupokea vitu vikiwa vimechoka na safari: nyanya zimepondeka, mishono ya nguo Dar walishaiacha, saruji imepanda bei mara tatu njiani. Kitu kimoja tu hakijawahi kuchelewa kufika Kigoma, nacho ni vita vya watu wengine. Urusi iliingia Ukraine Alhamisi ya Februari 24, 2022. Mwezi wa tatu haujaisha, chapati ya jirani yetu imekonda, ukiiinua juani unamwona mtu wa ng'ambo ya barabara. Nikamuuliza mama wa watu kulikoni. Akanijibu huku anasukuma, wala hakuinua uso: "Ngano inatoka Bahari Nyeusi, baba." Mama huyu hajawahi kuvuka Uvinza.

Haya, ngano nikakubali. Urusi na Ukraine ni wauzaji wakubwa wa ngano, hata mtoto wa darasa la tano anajua sasa. Mafuta ya alizeti nayo nikakubali, Ukraine ndiko kwenyewe. Lakini mwenye duka letu la kona akapandisha chumvi.

"Chumvi nayo?" nikamuuliza.

"Vita, fundi."

"Chumvi hii inatoka wapi?"

"Uvinza."

"Uvinza hii hii ya kwenye treni?"

"Ndiyo."

"Sasa Mrusi anapita wapi kati ya Uvinza na hapa?"

Akanitazama kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa asiyejua kusoma cheti, akasema, "Fundi, uchumi wa dunia umeungana." Nikalipa. Ningefanyaje? Ugali wa muhogo usio na chumvi hauliwi kwa hoja. Wiki iliyofuata yakapanda mawese. Mawese! Michikichi iko hapa, mtu anaona matunda yanaanguka uani kwake, lakini yule bibi wa mawese naye ameshasikia kwamba mafuta yamepanda duniani, na yeye yumo duniani.

Basi hiyo Jumapili nilikwenda kunyoa nikiwa na amani zangu. Tatizo ni kwamba kwa kinyozi wetu kuna televisheni, na usiku wa kuamkia siku hiyo Marekani ilikuwa imetuma ndege za B-2 na makombora, ikapiga Iran, kule Fordow, Natanz na Isfahan. Israel na Iran walikuwa wanarushiana tangu Juni 13. Nikakuta benchi limejaa. Wateja wa kunyoa tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa na kipara. Waliobaki wote ni wachambuzi. Kuna kijana wa bodaboda tunamwita Jemadari, anajua kila kombora kwa jina na kwa uzito, ila hajui leseni yake ilipo. Kuna mzee mmoja wa Ujiji, yeye huja kwa ajili ya kivuli.

Nikakaa kitini. Kinyozi akaanza vizuri, akashuka upande wa kulia wote. Mara Jemadari akasema bunge la Iran limepitisha Hormuz ifungwe. Kijana mmoja akauliza Hormuz ni nini. Laiti angenyamaza.

Kinyozi akaniinamisha. "Mnaona hiki kichwa?" Sikuwa fundi tena, nilikuwa ramani. "Huku nilikonyoa ni Iran. Huku kwenye nywele ni Oman. Hapa kati," akaweka ncha ya mashine kwenye utosi wangu, baridi, "ndiyo njia yenyewe. Nyembamba! Ziwa letu ni pana kuliko hapa. Na karibu sehemu ya tano ya mafuta yote ya dunia hupita hapa hapa."

Nikahisi uzito. Wenzangu huwa wanabeba mawazo kichwani, mimi nimebeba meli za mafuta za Waarabu.

"Mwirani akiweka mguu hapa," akanibonyeza, "imekwisha."

Mzee wa Ujiji akakohoa. Tukajua anakuja. Akasema vijana mnashangaa vita vya redioni, vita vya Wazungu vilipiganwa hapa, mbele ya nyumba za babu zetu. Akaanza na Mjerumani, aliyeunda meli kwao Papenburg, akaifungua vipande, akavitia kwenye makasha elfu tano, akavileta kwa meli na reli mpaka hapa Kigoma, akaiunga upya, ikashuka majini mwaka 1915. Mwaka mmoja baadaye anaona Mbelgiji anakaribia, akaizamisha kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake wakazipaka injini grisi, wakisema labda tutarudi. Mwingereza akaja kuiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

Hapo nikashindwa kuvumilia, nikainua ramani. Maana nina feni nyumbani. Kosa lake lilikuwa kulia tu, "kwii, kwii". Nikamwita fundi feni, akaifungua juu ya gazeti sebuleni. Vipande vilikuwa kumi na saba, nilivihesabu. Alipoiunga vikabaki vitatu, akanikabidhi mkononi kama chenji, akaniambia hivi havina kazi. Feni hailii tena. Haizunguki pia. Mjerumani makasha elfu tano, mtu wangu vipande kumi na saba!

"Tulia, Oman inatikisika," kinyozi akaniambia.

Mzee akaendelea. Mwingereza naye akajibu kwa kuleta boti mbili za vita kutoka Cape Town, kwa treni, kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe, zikakokotwa milimani mpaka upande wa Kongo. Desemba 26, 1915, siku moja baada ya Krismasi, zikaikamata boti ya Wajerumani iliyoitwa Kingani.

"Zilikuwa zinaitwaje hizo mbili?" kijana akauliza.

"Moja Toutou. Nyingine Mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Ndiyo nauliza, ulikuwepo?"

"Mjinga wewe, boti ndiyo Mimi!"

"Mzee ni boti?"

Dakika tano zikaenda. Na kusema kweli tatizo analo Mwingereza aliyechagua jina. Hebu fikirini yule askari wa Kijerumani anapiga ripoti kwa mkubwa wake mbele ya wapagazi wa Kiswahili: aliyetupiga ni Mimi. Si angefungwa yeye?

Mzee hakuishia hapo. Akaingia mwaka 1965, Che Guevara alipopita Kigoma akavuka ziwa usiku kwenda kupigana Kongo, akakaa miezi saba akarudi mikono mitupu. Mzee anasema alimuuzia sigara. Kila mzee wa Ujiji alimuuzia Che sigara. Ukizijumlisha zote, yule bwana, ambaye isitoshe alikuwa na pumu, asingefika hata katikati ya ziwa.

Halafu mzee akanyoosha fimbo kuelekea mlangoni, ziwani. "Na hawa wa huku, je? Hawa mbona hamuwachambui?"

Jemadari akaangalia simu. Mwenye kipara akaangalia kiatu. Kinyozi akapuliza mashine, "fuu", nywele zikaruka, akasema mzee hiyo ni habari nyingine. Na umeme ukakatika.

Kiza kikaingia na televisheni ikafa. Nikasema washa jenereta basi. Jenereta ipo. Petroli ipo, lita tano, niliiona kwenye dumu. Lakini kinyozi akaikumbatia. "Fundi, kwa hali hii ya Hormuz? Hii ni akiba." Nikamwambia unaninyoa bado, umenifikisha njiani. Akasema nisubiri umeme. Nikamwambia mimi mteja wangu nikimkatia suruali, simpi mguu mmoja nikamwambia asubiri dunia itulie. Wachambuzi wote kimya. Kumbe wanaweza kunyamaza.

Nikatoka. Jemadari akajitolea kunipeleka kwa pikipiki ili nisionekane, akataja nauli. Imeongezeka mia tano. Kwa nini? Hormuz. Nikamwambia haijafungwa, ni bunge tu limesema. Akasema yeye anajiandaa mapema. Bei ya mafuta EWURA hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, ya Jemadari hutangazwa wakati wowote akiwa na bando. Nikatembea. (Na mjue tu, tarehe 24 wale wakubwa wakasimamisha mapigano. Ile mia tano iko palepale mpaka leo, haijasaini mkataba wowote.)

Watoto wa mtaani wakanisindikiza kwa nyimbo. Sitayasema maneno.

Sasa nyumbani kwangu kuna mgeni, na inabidi niwaambie, maana ndiye aliyenifanya nitembee nimetanguliza upande wa nywele. Tunamwita Mama Bitenge, kwa sababu vitenge yeye anaviita bitenge. Ni mtu wa Uvira, Kongo. Miaka kadhaa alikuwa akija na boti, anashuka mwalo wa Kibirizi na bunda kichwani, ananiletea pisi za yadi sita, anakula kwetu, analala siku mbili, anarudi na dagaa wakavu na unga. Januari 2025 waasi wa M23 wakachukua Goma. Februari wakachukua Bukavu, na watu wa Uvira wakaona kinachofuata ni wao. Alishuka Kibirizi na watoto wawili na sufuria moja. Mimi nilienda kumpokea, na nilimpita mara mbili bila kumtambua. Nilikuwa natafuta bunda, na kichwani hakuwa na kitu.

"Bintu byote balibeba, shemeki," akaniambia. "Njo vile."

Kisha akaingiza mkono ndani ya sufuria, akatoa mkasi wangu. Ule mkubwa wa kukatia, niliomwazima mwaka uliotangulia. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ana koleo langu tangu mwaka 2019, anasema bado analitafuta.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu habari zina utaratibu. Iran tunatazama kwa sauti. Ukraine tunatazama, mpaka binti yangu mdogo anajua kutamka Zelensky kuliko jina la mwalimu wake. Ikianza Kongo, mke wangu anakumbuka ghafla kwamba tamthilia imeanza, anabonyeza rimoti. Mama Bitenge naye anajifanya alikuwa anaisubiri hiyo tamthilia. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi, Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wapumzike wazaliane, na watu waliheshimu. Mke wangu aliwahi kuniuliza, anachambua mchele, hata hakunitazama: samaki wamepewa miezi mitatu, wale wa ng'ambo wakaombe wapi? Nikasema sijui. Mimi ni fundi cherehani.

Mama Bitenge si mtu wa kulia. Anafua, anafagia, ananisaidia kufunga pindo, ana mkono mzuri kuliko wangu. Ila tangu Februari sikuwa nimemsikia akicheka. Wakati ule wa biashara alikuwa akicheka mpaka wateja wanaingia kuuliza kuna nini.

Nikapita mlango wa uani, nimejiinamia, Oman mbele. Mke wangu alikuwa anapepea jiko la mkaa. Mama Bitenge alikuwa ameketi kwenye kigoda na dagaa wake kwenye ungo. Nikasema hodi, nikataka kupita haraka, na katika kugeuka kufunga mlango nikawaonyesha Iran.

Mke wangu akaanguka na kipepeo chake. Huyo nilimtarajia.

Mama Bitenge akaweka ungo chini taratibu, akasimama, akanizunguka kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Shemeki. Nani alikufanya hivi?"

Nikatafuta jibu la heshima. Likakosekana.

"Hormuz," nikasema.

Hakujua Hormuz ni nani. Lakini ilianza tumboni, nikaiona inapanda, akaziba mdomo kwa kanga, kanga ikashindwa. Akashika nguzo ya banda. Watoto wake wakatoka ndani mbio, wakasimama mlangoni, hawanitazami mimi niliyenyolewa, wanamtazama mama yao.

Saa tatu usiku umeme ukarudi. Kinyozi akapiga simu: njoo, fundi, nikumalizie, sitakuongezea hela. Nikamwambia nitakuja kesho. Mke wangu akasema wewe, una mteja wa sare asubuhi, utampimaje mtu na kichwa hicho? Nikasema nimechoka. Nikabaki barazani, upepo wa ziwa unanipiga upande mmoja tu.

Mama Bitenge akapita na ndoo ya maji, amejikaza, macho mbele, hatua tatu, nne. Halafu akageuka, akanitazama upande wa Oman, akaanza upya.