Mkono wa Idi haupewi kwa picha

Kila Idi simu hujaa picha za mwezi na kandili, zile zile, nyingine zina mpaka jina la duka chini. Jamani, inaniudhi! Jirani tunayepakana ukuta ananitumia picha iliyozunguka mji mzima, jina langu hakuliandika, halafu anaona ameshanipa mkono wa Idi.

Mkono wa Idi Zanzibar tunaujua. Ukitoka kuswali unapita kwa wazee, unakaa, unakunywa chai. Watoto na nguo zao mpya wanabisha hodi nyumba hadi nyumba, wanapewa vijisenti, jioni hao, kiwanjani Mnazi Mmoja au Kariakoo. Sahani ya pilau inavuka njia imefunikwa kawa, na jirani Mkristo anapata yake. Krismasi analeta yeye.

Sasa watoto wanakuta mageti yamefungwa. Wanaoumia zaidi ni wazee, maana wengine hata simu ya picha hawana. Bibi mmoja mtaani kwetu alikaanga visheti bakuli zima, mpaka alasiri hakuingia mtu. Inauma sana. Nendeni kwao, hata kwa dakika 5. Aliye mbali apige, tusikie sauti yake.